Mahali Siafu Wanapokutana

Siku aliyofariki Bi Mize ilianza kama siku nyingine zote pale Mtambile. Aliwapikia watoto wake uji, akamfunga Suhaib vifungo vya shati la skuli, akamkemea Khatib kwa kulala mpaka jua limechomoza. Kisha akamwambia Nusaiba, binti yake wa pekee, "Ukirudi nitakuonesha tena pale panapokusumbua."

"Haya, mama," Nusaiba akaitikia bila hata kugeuka, kwa sababu alikuwa akitafuta kiatu.

Aliporudi adhuhuri alikuta viatu vingi mlangoni. Wanawake wa jirani walikuwa wamekaa chini, kanga zimefunika vichwa, na hapakuwa na aliyezungumza kwa sauti. Shangazi yake, Bi Hadia, alimshika mkono akamkalisha pembeni yake. Mama alianguka jikoni asubuhi, akakimbizwa hospitali, na roho yake ikatoka njiani. Alizikwa Alasiri ya siku ile ile.

Watu walipoanza kutawanyika, Nusaiba alikwenda kwenye kibaraza cha nyuma. Ukili wa mama yake ulikuwa juu ya kibao, umekunjwa duara, na chane za mwisho zimefungwa fundo ili zisifumuke. Ndivyo alivyouacha jana yake, akitaraji kuushika tena leo.

Ukili ni ule utepe mrefu unaosukwa kwa chane za ukindu, yaani majani ya mkindu yaliyopasuliwa. Ukishatimia urefu wa kutosha, hushonwa ukawa mkeka. Wanawake wengi wa Mtambile wanajua kuusuka. Lakini wengi wao husuka mapambo waliyoyakuta kwa mama zao na bibi zao. Bi Mize alitunga pambo lake mwenyewe, akaliita siafu. Alilipata mwaka mmoja wa mvua nyingi, alipowaona siafu wakihama uwani. Walifika kwenye dimbwi, wakagawanyika mafungu mawili, wakalizunguka, wakakutana tena upande wa pili wakaendelea na safari yao. Katika ukili wake, mstari mweusi ulipita juu ya ukindu mweupe, ukafika kwenye dimbwi la zambarau, ukagawanyika, kisha ukaungana mbele.

Kuwagawa siafu si kazi kubwa. Kazi ni kuwakutanisha. Pale vidole vinatakiwa viruke chane moja, viiache nyuma, kisha viirudie kabla haijafichwa na nyingine. Ukiikosa hiyo moja tu, siafu hawakutani tena; watakwenda kila kundi kwa njia yake mpaka mwisho wa ukili. Nusaiba alikuwa amefika hapo. Alipapita mara chache, mkono wa mama ukiwa juu ya mkono wake.

Bi Mize alikuwa na wakati wake. Kila siku vyombo vya mchana vikishaoshwa, alikaa kibarazani akasuka mpaka adhana ya Alasiri. Adhana ikiingia, aliuweka ukili chini hata kama pambo limebaki kidogo. Na katika wakati ule hakuna aliyeweza kumtuma.

"Mama, shati langu la mpira liko wapi?" Khatib aliwahi kumwuliza.

"Mama hayumo," Bi Mize akajibu, macho yakiwa kwenye ukili. "Kenda kwao Tumbe."

"Lakini nakuona hapa!"

"Unaona kivuli chake. Mwenyewe atarudi Alasiri."

Wote walicheka siku ile, na Khatib akaenda kulitafuta shati mwenyewe.

Hitima iliposomwa, vitu vya marehemu vilitolewa sadaka kama ilivyo desturi. Nguo zilikwenda kwa jamaa na wahitaji. Mikeka ilikwenda misikitini, ili thawabu zake zimfuate aliyeisuka. Mkeka mmoja tu wa siafu ndio aliowahi kuumaliza, na huo Mzee Zubeir, baba yao, aliupeleka Tumbe, kwenye msikiti ulio karibu na nyumba aliyozaliwa mkewe.

Bi Hadia akauinua ule ukili uliokunjwa. "Na huu je? Haujawa mkeka, haujawa kitu."

"Huo nipeni miye," Nusaiba akasema. "Nitaumaliza."

Watu wazima wakatazamana. Alikuwa wa darasa la sita, mwembamba, macho yamevimba kwa kulia.

"Utaweza, mwanangu?" Bi Hadia akamwuliza.

"Nitaweza, shangazi. Nikipata nafasi tu."

"Mpeni," akasema Mzee Zubeir, akageuza uso.

Lakini nafasi haikupatikana. Kazi zote za Bi Mize zilikuwa pale pale alipoziacha, zikimngoja mtu wa kuzichukua, na mtu huyo akawa Nusaiba. Hakuna aliyemwamrisha. Siku ya kwanza aliteka maji kwa sababu ndoo zilikuwa tupu; siku ya pili aliteka kwa sababu jana aliteka yeye. Ikawa hivyo hivyo kwa kuni, kwa mchele, kwa nguo za Suhaib. Akitoka skuli alipika chakula cha mchana, akaosha vyombo, akakimbia chuoni kusoma Kurani. Akirudi alitia moto wa chakula cha jioni. Khatib, aliyekuwa mkubwa kuliko yeye, alikwenda kiwanjani kucheza mpira kama alivyokuwa akienda siku zote, na haikumpitikia kwamba kuna kitu kimebadilika kwenye ndoo.

Kila usiku kabla ya kulala Nusaiba aliutazama ukili juu ya sanduku. Alijiambia, Jumamosi. Jumamosi ikija palikuwa na nguo za kufua. Akajiambia, likizo. Likizo ikaja na msimu wa karafuu, na nyumba nzima ikawa inachambua karafuu mpaka vidole vikawa vyeusi. Akajiambia, karafuu zikisha.

"Mkeka umefika wapi?" Angel alimwuliza siku moja walipokuwa wakirudi kutoka skuli. Angel alikuwa rafiki yake, mtoto wa Mwalimu Fausta aliyetoka bara kuja kufundisha Pemba.

"Nasubiri nipate siku nzima."

"Wewe kila siku unasubiri. Mara likizo, mara karafuu. Sasa unasubiri nini, Krismasi?"

"Ndiyo, nasubiri Krismasi yenu mnialike pilau nisipike," Nusaiba akajibu, na wote wakacheka.

"Sisi kwaya tunafanya mazoezi kila Jumatano," Angel akasema. "Wiki iliyopita tulikuwa watatu tu, na mmoja, Aron, ana mafua. Tuliimba hivyo hivyo. Aron akipiga chafya tunasema ni besi."

"Nyinyi hamna kazi za nyumbani."

"Nani kakwambia? Mama akirudi skuli amechoka, napika mimi. Lakini Jumatano ikifika, ugali unajua kwamba mimi sipo."

Nusaiba akaongeza mwendo. Alihisi Angel hakuelewa. Kuimba ni kuimba. Huu ulikuwa mkono wa mama yake. Kitu kama hicho, aliona, hakiguswi kwa haraka haraka katikati ya sufuria na ndoo. Kilihitaji siku safi, isiyo na kazi, isiyo na mtu.

Siku hiyo ikaja hatimaye. Karafuu zilikwisha, na Mzee Zubeir akawachukua Khatib na Suhaib kwenda Mgogoni kwenye arusi ya jamaa yao. Nusaiba aliomba abaki.

"Utakula nini peke yako?" baba yake akamwuliza.

"Kuna muhogo wa jana, baba. Nataka nisuke."

Mzee Zubeir akamtazama kidogo. "Haya. Suka."

Nyumba ilikuwa kimya. Nusaiba alifagia uwanja, akatandika jamvi kibarazani, akakaa upande wake, si upande wa mama yake. Akafungua lile fundo. Kumbe ukindu ulikuwa umekauka kwa kukaa miezi bila kuguswa. Chane ya kwanza aliyoikunja ilipasuka. Akaloweka kitambaa maji, akazifunika chane mpaka zikalainika, akaanza tena.

Mwanzo ulimpendeza. Mstari mweusi ulitembea vizuri. Akatia dimbwi la zambarau, siafu wakagawanyika wakalizunguka. Moyo wake ukachangamka, akahisi kama mama yupo chumbani anakunja nguo na atatoka sasa hivi. Kisha akafika mahali pa kukutana.

Vidole vikasimama.

Aliruka chane moja, akairudia. Siafu hawakukutana. Akafumua, akaruka nyingine. Wapi! Akafumua tena. Alijaribu kumkumbuka mama yake anasema nini akifika pale, lakini alilolikumbuka ni kanga yake tu, na harufu ya ukindu wa rangi ukichemka. Jua likapanda. Muhogo haukuliwa. Kadiri alivyoharakisha ndivyo alivyokosea, na kadiri alivyokosea ndivyo alivyofumua kwa hasira, akivuta chane bila kuzitazama, maana alijua wazi kwamba siku kama ile haitapatikana tena upesi.

Alivuta, akavuta, halafu mkono ukahisi kitu. Chane zilikuwa zimebana kuliko zake. Akatazama chini.

Alikuwa ameshapita mpaka. Kazi yake mwenyewe ilikwisha fumuka yote zamani. Alichokuwa akikifumua sasa ni alichokisuka mama yake. Kipande kizima cha siafu wa Bi Mize kilikuwa mapajani mwake, chane tupu. Na kila chane ilikuwa bado imejikunja vile vile vidole vya mama yake vilivyoikunja.

Nusaiba alijaribu kuzirudisha kwa kufuata zile kunjo. Mbili zikakatika. Akaacha. Alikaa pale mpaka kivuli cha paa kikafika miguuni kwake, akilia bila sauti kama watu wanavyolia wakijua hakuna wa kuwasikia. Kisha akafunga fundo, akauficha ukili chini ya kitanda.

Wenziwe waliporudi kutoka arusini, Suhaib alikuja mbio na kipande cha mkate wa kumimina kwenye karatasi. "Nimekuletea! Umesuka?"

"Nimesuka," akasema Nusaiba.

Alisema hivyo hivyo kwa baba yake. Na Bi Hadia alipopita siku chache baadaye na kuuliza "Mkeka vipi?", akajibu, "Unaendelea, shangazi."

"Alhamdulillahi. Basi nioneshe."

"Nimeuweka."

"Umeuweka benki? Kautoe, bibi weye, macho yangu hayaibi mikeka."

Nusaiba akaingia chumbani. Alitoka na ukili mkononi, na kabla hajaufikisha machozi yalikuwa yameshamtangulia. Akasema yote: siku aliyoisubiri, ukindu uliokauka, vidole vilivyosahau, na uongo alioutoa kwa watu watatu. "Nimeifumua kazi ya mama," akasema. "Ile haipatikani tena. Hata nikijua kusuka namna gani, ile haipatikani."

Bi Hadia hakumwambia kwamba itapatikana. Aliupokea ukili, akaupitisha polepole baina ya kidole gumba na cha shahada, akakaa kitako kwenye kibaraza.

"Ni kweli," akasema. "Hiyo imekwenda. Lia, una haki ya kulia. Na uongo usiuzoee, maana ungeniambia siku ile ile tungelia sote wawili, ingekuwa nafuu." Akamngoja atulie. "Sasa nambie. Tangu mama yako azikwe, umesuka mara ngapi?"

"Siku ile moja."

"Na unashangaa vidole kusahau? Vidole havina akili ya kuweka, mwanangu. Vinajua cha jana na cha juzi."

"Sina nafasi, shangazi! Nikitoka skuli napika, naosha, nakwenda chuoni, narudi napika tena. Nasuka saa ngapi?"

"Na mama yako alikuwa na nafasi?"

Nusaiba akafuta uso kwa mkono.

"Alikuwa na nyinyi watatu," Bi Hadia akaendelea. "Alikuwa na shamba la muhogo, kuku, na mimi wifi yake nikija kila mara kumsumbua. Miye nilimwuliza siku moja, we Mize, hii nafasi unaitoa wapi? Akaniambia, siitoi popote, naikata mwanzo. Kama unavyotoa mchele wa kupika kabla hujamgawia jirani. Weye unazipa kazi siku yote, kisha unakaa kungoja mabaki. Siku haina mabaki, Nusaiba. Kazi zinakula mpaka sahani."

"Lakini wakati wake ule mie nakuwa njiani kwenda chuoni."

"Basi huo ulikuwa wake. Tafuta wako."

Nusaiba akafikiri. "Nikirudi chuoni, kabla ya Magharibi. Lakini ndipo ninapopika."

"Tutaona," akasema Bi Hadia. Akajifunga kanga vizuri, akaingia ndani kumkabili kaka yake.

Nusaiba alisikia mazungumzo kupitia dirisha. Shangazi yake ndiye aliyezungumza karibu yote. Kisha baba akatoka. Khatib alikuwa uwanjani anafunga kamba za viatu vya mpira.

"Khatib, kuanzia kesho maji ni yako. Na kuni."

"Miye?" Khatib akaruka. "Baba, vijana watanicheka kwenye mfereji, penye foleni ya ndoo!"

"Watakucheka, kisha watakwenda makwao kula. Nawe utarudi kwenu kula. Umepungukiwa nini?"

"Lakini maji ni kazi ya..." Khatib akaanza, akasita. Labda alikuwa anataka kusema ni kazi ya mama. Akainama akamaliza kufunga kamba. "Haya, baba," akasema kwa sauti ndogo.

Mzee Zubeir akamgeukia binti yake. "Na chakula cha jioni utakitia motoni baada ya Magharibi. Sote tutangoja. Hakuna atakayekufa."

Likizo fupi ilipofika, Bi Hadia alimpeleka Nusaiba Tumbe. Khatib aliomba afuatane nao, akabeba simu ya baba. Walibadilisha gari mjini Chake, wakafika jua likiwa bado halijawa kali. Ilikuwa Alhamisi, na Mzee Kificho, mtunzaji wa msikiti, alikuwa anauosha kwa ajili ya Ijumaa. Mikeka ilikuwa imetundikwa juu ya ukuta wa nje kupigwa upepo. Nusaiba aliutambua wa mama yake kutoka mbali.

"Mkeka wa wakfu hautoki," Mzee Kificho akasema mara tu alipoambiwa walichofuata.

"Hatukuja kuuchukua, Mzee. Tumekuja kuutazama," Bi Hadia akamjibu.

"Aa! Kutazama si dhambi. Tazameni." Akawasogezea kigoda. "Ndani siku hizi tuna zulia. Huu tunautandika barazani Ijumaa, watu wakizidi. Wanaugombania. Kuna bwana mmoja anawahi kuja ili asujudu hapo, anasema unampoza macho."

Nusaiba akakaribia. Mkeka ulikuwa umeanza kuchakaa kwenye sehemu ambazo watu huweka magoti. Zambarau ilikuwa imepauka. Lakini siafu walikuwepo, wengi, wakigawanyika na kukutana, kugawanyika na kukutana. Akaweka kidole mahali pa kukutana, akakifuata kidogo kidogo, juu, chini, nyuma. Khatib akapiga picha kwa karibu.

"Sasa unayo," Khatib akasema. "Utaitazama tu ukifika pale."

Nusaiba akaitazama picha, akatikisa kichwa. "Inaonesha siafu wamefika. Haioneshi walivyopita."

"Haya ndiyo maneno," akasema Bi Hadia. "Picha itakusaidia, mkeka utakusaidia, lakini njia utaipata mwenyewe, kidogo kidogo, ukifumua na kusuka. Mama yako naye alifumua mwaka mzima kabla siafu wake hawajakutana. Hakuwahi kuwaambia nyinyi, kwa sababu kila siku Alasiri aliweka chini akaingia jikoni, mkaona kazi yake inatoka nyepesi."

Basi ikawa hivyo. Kila alasiri akirudi chuoni, Nusaiba alilowanisha chane, akakaa akasuka mpaka adhana ya Magharibi. Hakuugusa ukili wa mama yake kwanza. Alianza ukili mwingine wa kujifunzia, wa ukindu ambao Bi Hadia alimpa. Siku nyingine alisuka urefu wa shubiri. Siku nyingine alisuka kidogo akafumua chote, akauweka chini akiwa hana alichokipata. Ziko siku alizokaa pale na huzuni tu, ukili mkononi, hakufanya kitu, lakini alikaa. Majirani wakija kuazima chumvi katika wakati ule, Suhaib aliwajibu mlangoni kwa ukali wa askari, "Anasuka! Chumvi iko jikoni, jitolee mwenyewe!"

Khatib alichekwa kwenye mfereji siku za mwanzo. "Oya, Bi Khatib, leo unapika nini?" wakamwambia. Akawajibu, "Napika mabao, njooni kiwanjani muonje." Wakachoka kumcheka.

Siafu walikutana siku ya kawaida kabisa. Mchele ulikuwa haujachaguliwa mawe, Suhaib alikuwa anajikuna goti na kulalamika, na Nusaiba alikuwa anafikiria hesabu za skuli. Vidole vikaruka chane, vikaiacha, vikairudia. Alikuwa ameshapita mbele kidogo ndipo alipotambua. Akasimama, akatazama: makundi mawili yameungana, mstari mmoja mweusi unaendelea na safari.

Akageuza kichwa upande wa kulia ili aoneshe. Upande wa kulia ndiko mama yake alikokuwa akikaa. Jamvi lilikuwa tupu. Alibaki ameushika ukili vile vile, mkono umeunyoosha, na furaha yake ikachanganyika na kitu kizito ambacho hakukijua jina.

Alipojiona yuko tayari, akautoa ukili wa mama yake, akaunga chane mpya, akaendelea kuusuka. Jioni moja Mzee Zubeir aliporudi shamba alimkuta nao. Akakaa karibu naye, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Hakujua kusuka, lakini alipitisha kidole gumba juu ya ukili mpaka kikasimama chenyewe.

"Hapa mama yako anaishia," akasema.

"Ndiyo, baba. Kipande cha mbele yake nilikifumua. Nilikudanganya siku ile."

"Bi Hadia aliniambia. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Akapitisha kidole gumba mbele ya pale. "Mkono wako umelegea kuliko wake."

"Najua. Utaonekana mkeka ukishonwa."

"Na uonekane. Alikuwepo yeye, sasa upo weye. Kwa nini tufiche?"

Khatib alikuwa anateremsha ndoo na Suhaib alikuwa akimwaga nusu ya maji kwa kumsaidia. Mzee Zubeir akawaita wote wawili wakae.

"Nisikilizeni," akasema. "Kazi za nyumba haziishi. Ukizingoja ziishe ndipo ufanye kile unachokipenda, utakufa hujakifanya. Na ukikingojea siku kubwa, siku kubwa itakuja ikukute mikono imesahau. Mama yenu alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa na wakati wake kila siku, mdogo, na hakuuvunja. Miye nilidhani ni mzaha wake tu. Kila mmoja wenu ana kitu Mungu alichomtilia mkononi. Kipeni wakati wake kila siku, hata ukiwa mdogo, na mwenziwenu akiwa kwenye wake, mwachieni na mchukulieni mzigo. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, baba."

"Na miye kitu changu ni kulala," akasema Suhaib.

Baba yao akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na cheko lenyewe lilitoka limekwaruza, likaisha upesi.

Mkeka bado haujamalizika. Siku hizi kwa Mzee Zubeir chakula cha jioni huliwa baada ya Isha.